Picha Pekee Asiyoifuta

Emiliana alikuwa na ulimi mbaya kwa wafiwa, na nasema hivi mimi rafiki yake, fundi cherehani niliyemshonea pazia jeupe la studio. Studio yenyewe ni sebule yake hapa Chang'ombe. Makochi yalihamia chumbani. Kazi iliyomlisha ilikuwa picha za misiba, zile za fremu zinazotangulia mbele ya jeneza. Watu walimletea kitambulisho kilichochubuka ili akuze uso wa marehemu kutoka hapo. Naye alikuwa akiwauliza, hata pole hajatoa: "Akiwa hai mlikuwa wapi?"

Mama yake, Priska, aliyajua hayo. Alipokuja kutoka Mpwapwa kwa kliniki ya moyo, alimwambia mapema, "Mwanangu, yangu unipige kabisa nikiwa hai. Usije ukanikata kwenye kitambulisho."

"Yako itakuwa ya kwanza kwa taa mpya, mama."

Taa hizo zilikuwa zimemsumbua tangu masika. Jumamosi ile Fabian, mwenye duka la vifaa mjini, alimwachia aina tatu azijaribu mpaka jioni. Emiliana akamkalisha mama kwenye kiti cha mbao mbele ya pazia langu, shuka lake begani. Taa ya duara ilimwachia pete nyeupe ndani ya macho. Ya mwavuli ilimng'arisha paji la uso kama limepakwa mafuta ya kupikia. Ya boksi, ile yenye kitambaa mbele, ilitua vizuri, ila kivuli cha pua kiligoma kuondoka. Emiliana akapiga, akatazama, akasonya, akafuta. Akapiga tena. Nilikuwa mlangoni na nguo yangu ya kupinda, nikaona mama wa watu anachoka.

"Emi, si inatosha? Hiyo ya mwisho mama amecheka vizuri."

"Kivuli hukioni? Wewe pinda nguo yako."

Mama alipokwenda uani kunywa maji, aliliacha shuka kitini. Emiliana akairudisha taa ya boksi nyuma mpaka mlangoni, akanisukuma nimpishe, akapiga kiti kitupu. Kivuli hakuna. Akapiga kigelegele! Hiyo hakuifuta. Alimtumia Fabian kwenye simu, kwamba taa anayoitaka ndiyo hii, na amtafutie ya pili kama hiyo.

Mama aliporudi alikuta taa zinafungwa zirudi dukani.

"Jumamosi ijayo, mama. Ya pili ikija, ndiyo tunapiga picha yenyewe."

"Na zile za tangu asubuhi?"

"Zile za majaribio. Nimefuta."

Mama akacheka tu, akajitanda shuka lake. Jumatatu alipanda basi kwenda kuangalia mbuzi wake, arudi Ijumaa.

Alhamisi Sila, kaka yake Emiliana, alipiga simu kutoka Mpwapwa. Mama alianguka zizini, hakuamka tena.

Kadi ya kamera ilikuwa imeshapigiwa picha za kipaimara kizima cha Jumapili, juu ya zile zilizofutwa. Fundi wa kompyuta alihangaika nayo asubuhi nzima, akairudisha mikono mitupu. Nilimkuta Emiliana sebuleni anakuza uso wa mama yake kutoka kwenye kitambulisho: macho yamefumba nusu, mchubuko umekula shavu. Nilimkasirikia, nikamhurumia, vyote kwa pamoja. Na mimi nilijichukia, maana siku ile nzima nilikuwa na simu mfukoni na sikupiga hata picha moja. Picha hiyo ya kitambulisho ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza, ameibeba Sila.

Siku hizi Emiliana hawaulizi wafiwa kitu. Anapokea kitambulisho na kuanza kazi. Ukutani ametundika picha moja kubwa, kiti cha mbao na shuka, mwanga umetua sawasawa, hakuna kivuli. Wiki iliyopita mteja mmoja aliitazama, akauliza kama anauza viti pia.

"Hapana," Emiliana akasema, huku akiisogeza taa. "Huyo ni mama yangu."