Ndevu za Upande Mmoja

Mpwa wangu ni kinyozi, na sura hii mnayoisifia ni kazi ya mkono wake, ingawa malighafi ni yangu. Halafu ni mcha Mungu. Akishakuwekea wembe shingoni ndipo anakuuliza habari za roho yako, utabisha vipi? Mteja mmoja alitubu mpaka makosa ya jirani yake.

Aliyemshinda ni mdogo wake, dereva wa lori. Mama yao, dada yangu, aliugua dereva akiwa safarini, na maziko hayakumngoja. Akamlaumu kaka yake, akaapa hatakanyaga kwake. Na sala akaacha.

Siku hiyo umeme ulikatika mtaa mzima. Mashine za vinyozi wote kimya, ila wembe wa mpwa wangu hauombi umeme. Nimekaa kitini, povu mpaka masikioni, mara mlango ukafunguka. Dereva! Nusura nimeze povu.

"Shikamoo, mjomba." Dereva hakumtazama kaka yake. "Kinyozi, fanya haraka. Bosi hataki ndevu."

Kinyozi! Ndugu yake wa tumbo moja!

Mpwa wangu akaniacha na povu langu, akamkalisha kiti cha pili, akamnyoa shavu la kulia. Kisha akafunga wembe, akautia mfukoni.

"Vipi tena?"

"Nikimaliza utaondoka. Kila siku najiambia kesho nitamwambia. Leo sikuachii."

"Usinichezee. Nitatoka hivi hivi."

"Toka, uchekwe. Mama alikutaja."

Nikaganda. Hilo hata mimi sikuwahi kulisikia, na hakuna jambo la ukoo huu lisilopita kwangu.

"Alisema, 'Mwambie mwanangu sina kinyongo naye. Asiache kumwomba Mungu.' Nilikuwa na hasira nawe kwa kutokuwapo, nikayameza maneno yake. Nisamehe."

Dereva akatoa macho kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Muda wote huu najua amekufa amenikasirikia, kumbe maneno yake unayo wewe?"

Akainua mkono. Nikafumba macho, nikangoja mlio wa kofi. Wapi! Nilipofumbua, alikuwa amemshika kaka yake kola, analia kama mtoto.

"Nipeleke kaburini."

"Ngoja nikumalizie nde..."

"Sasa hivi, kaka. Tukaombe."

Wakatoka, dereva na kitambaa cha kinyozi shingoni, ndevu upande mmoja, mtaa mzima mdomo wazi.

"Na mimi je?" nikapiga kelele. Hakuna aliyegeuka, na wembe ulikuwa mfukoni mwa mpwa wangu. Basi mtanashati mimi nikainuka na povu langu, nikawafuata.