Kamba ya Maksai na Mkono Wangu wa Kushoto

Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi nyeusi ya mbugani kwetu Kishapu, huinuka harufu nzito ya udongo, mavi ya ng'ombe na mabua yaliyokauka tangu kiangazi. Wengine wanaipenda. Mimi inaniuma mkono. Msimu ule baba na kaka zangu walikuwa machimboni Geita wakitafuta dhahabu, nasi tukabaki na mama. Msimamizi wa kilimo akawa baba mdogo Masanja. Kwetu maksai wakivuta plau lazima mtu atangulie mbele na kamba kuwaongoza. Wavulana hawakuwepo, basi nikashika mimi, binti wa darasa la nne, na ndilo darasa nililoishia.

Masanja namtaja kwa jina, na akitaka kukasirika akasirike. Ndiye aliyeniambia, akiniita mayu, yaani mama, kama wakubwa wa kwetu wanavyowaita mabinti: "Izungushe kamba mkononi, mayu, isikuponyoke. Ukiwaachia utanitambua leo." Nikaizungusha kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, maana ndivyo watoto wote walivyofanya. Plau ikanasa kwenye tope. Badala ya kuinasua, akamcharaza maksai mmoja fimbo ya mgongo. Wakachomoka. Kamba ikakaza, nikaburutwa kwenye matuta, na mkono ukalia kama bua la mtama linapovunjwa, si mara moja.

Nikapelekwa kwa Shigela, muunga mifupa wa kijijini. Akapapasa, akakuta palipovunjika chini ya kiwiko, akasema ni hapo tu. Akanibana kwa vijiti na kamba za magome hadi nikazirai. Usiku nikalia, mama akalia nami, lakini shemeji yake Masanja alikuwa amekataza vijiti visiguswe. Kesho yake vidole vilivimba, vikawa vya baridi, kisha nikawa sivisikii tena. Kulia nikaacha, wakasema napona. Kumbe mkono ulikuwa unakufa.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jirani yetu Mama Kulwa, muuza michembe, alikuja kunijulia hali, akafunua kanga niliyofunikwa, akanusa.

"Shemeji, vidole vya mtoto vimekuwa kama mkaa!"

"Mfupa lazima ubanwe," Masanja akajibu. "Wewe ujuzi wako ni viazi vikavu. Mifupa unaijulia wapi?"

"Sawa, mifupa siijui. Lakini kitu kikianza kuoza nakijua. Mama Ngolo, lete kisu."

Mama akamtazama shemeji yake, akaingia ndani, akatoka na kisu. Mama Kulwa akakata zile kamba, akaulaza mkono wangu kifuani kwa kanga bila kuuvuta wala kuunyoosha, akanipakia kwenye baiskeli yake hadi Mhunze, na kutoka hapo tukapanda gari hadi hospitali mjini Shinyanga.

Picha ilionyesha mifupa imevunjika sehemu tatu, moja juu ya kiwiko na mbili chini. Tabibu akamweleza Mama Kulwa kwamba mkono ukivutwa na kupindwa kwa pamoja, pale panapouma zaidi si lazima pawe peke yake, na anayepapasa kwa vidole hawezi kuona sehemu nyingine zilizovunjika. Akasema vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, hapo hakuna kungoja kesho. Tungechelewa zaidi, angeukata. Vidole viwili vya mwisho havikupona sawasawa, na kiwiko hakikunyooka tena. Lakini nilirudi na mkono ndani ya hogo la plasta, na nilirudi nao.

Siku hizi Kishapu trekta zipo, na vijana wakianguka na bodaboda hukimbizwa hospitali kabla hata ya kuulizwa jina. Ila kila msimu bado naona mtoto mbele ya maksai, kamba imezungushwa mkononi. Nasimama, namwambia aishike kiganjani tu, wakichomoka aachie. Mbegu hupandwa tena, mkono hapana. Masanja akinisikia hucheka: "Si ulipona?" Nilipona, ndiyo, si kwa hisani yake.

Mama Kulwa sasa hawezi kuinuka mwenyewe. Wanawe wako mbali, mji wa Nyasubi, na biashara zao, hivyo asubuhi naenda mimi kumwogesha. Mkono wa kulia naupitisha mgongoni, huu uliopinda naupitisha chini ya magoti, namnyanyua.

"Taratibu, mayu," hunitania. "Ukinivunja, nani atanipeleka Shinyanga?"

"Yupo," namjibu, namketisha juani.