Wageni wa Siku ya Sabato

Watu wa Migori walimjua Hodan kwa madira yake, yale magauni mapana aliyoyatundika mlangoni mwa kibanda chake sokoni yakapepea kutwa nzima. Alikolala, wachache walijua. Alilala nyuma ya soko, katika chumba cha mabati, pamoja na mama yake mzazi ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka tangu walipotoka Isiolo. Kisha mwenye kiwanja akauza, na wapangaji wote wakaambiwa watafute pengine.

Alitafuta msimu mzima wa mvua. Nyumba za bei nafuu zilikuwa juu ghorofani, na mama yake hushuka ngazi kwa kukaa, kidato baada ya kidato, kama mtoto asiyeuamini ulimwengu. Za chini kodi zake hazikushikika. Na hata bei aliyotajiwa kwa simu ilibadilika akifika mlangoni: wakiuona mtandio na kulisikia jina, wenye nyumba waliamini kwamba kila Msomali ana duka Nairobi. Hodan alishukuru kwa adabu, akageuka, akarudi sokoni na uchungu wake.

Jumamosi moja asubuhi mteja wake, Bochaberi, alimwambia kwamba kwa Mzee Omanga, mtaa wa Oruba, vyumba viwili vya chini vilikuwa vimeachwa jana, bomba liko uani, na kodi ni ile ile ya zamani. Hodan hakungoja. Nyuma ya soko walikwisha kuanza kuezua mabati ya jirani, na kutu ilikuwa ikiwaangukia kwenye chai. Alikodi mkokoteni, akapakia kitanda, masanduku na majora ya vitambaa, mama akapandishwa bodaboda. Alikwenda kuomba nyumba akiwa amekwisha kuhama.

Alimkuta Omanga langoni, ndiyo kwanza anatoka kanisani, Biblia kwapani. Mzee alimsikiliza kidogo tu, kisha akainua mkono.

"Leo ni Sabato, binti yangu. Mambo ya kodi sisemi wala sisikii. Njoo kesho."

Hodan alikwisha kusikia kukataliwa kwa namna nyingi, na hii aliiona ni ile ile, imefungwa tu kwa kitambaa safi. Kabla hajajibu, gari likasimama. Akashuka mwanamume aliyejitambulisha kuwa ni Stanley, mwuza saruji, anatafuta pa kuwekea mali yake. Pesa alikuwa nazo mkononi, na alikuwa tayari kuongeza juu ya kodi. Omanga akampa jibu lile lile, kwa mkono ule ule. Stanley akacheka, akasema kesho atafika kabla ya jogoo. Hodan akamwamini. Yeye leo hakuwa na pa kulala, na kesho ilikuwa ya mwenye gari.

Ndipo Kemuma, mkewe Omanga, alipotokea. Hakuuliza habari za nyumba. Alimwuliza mama mzee kama amekula, akamletea kiti, maji, kisha githeri ya mahindi na maharagwe iliyopikwa Ijumaa.

"Kula bila wasiwasi, mama. Hapa nyama ya nguruwe haijawahi kuingia, hata pombe."

Mama mzee alikula, akashukuru, akauliza ataswali wapi adhuhuri. Kemuma akachukua ufunguo, akamfungulia kimojawapo cha vile vyumba viwili.

Mvua ikaanza kudondoka kutoka upande wa Muhuru, ziwani. Omanga aliliangalia godoro juu ya mkokoteni, akaliangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma aya ngumu. Kisha akavua koti.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa," alisema. "Imeandikwa."

"Kwa hivyo ng'ombe ni mimi?" sauti ya mama mzee ikauliza kutoka ndani.

Wote wakacheka, Hodan akicheka huku machozi yakimlenga. Wakabeba mizigo ndani. Stanley, aliyekuwa bado hajaondoka, amejikinga mvua garini, akateremsha kioo.

"Mzee, si umesema leo hupangishi?"

"Sijapangisha," akasema Omanga, mguu wa kitanda mkononi. "Nimekaribisha wageni."

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe."

"Basi njoo siku ya tatu, utanikuta nikimkabidhi."

Stanley akawasha gari.

Alasiri yote Hodan alikaa juu ya sanduku bila kufungua kitu. Mgeni si mpangaji. Aliogopa jua likitua, ukarimu nao utatua, na bei itakuja na sura ileile aliyoizoea. Kutoka nyumba kubwa alisikia nyimbo za kufunga Sabato, zikipotea mvuani na kurudi. Mama yake alikuwa amesinzia kitandani, mkono mmoja umegusa ukuta.

Jua lilipotua na Sabato kwisha, mtu akakohoa nje.

"Hodi," alisema Omanga. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe kama mtu asiye na haki ya kuingia.

Aliitaja kodi. Ilikuwa ile ile aliyoisema Bochaberi. Akaongeza kwamba kamba ya kuanikia nguo ni ya wote, na kwamba siku za Ijumaa lango hufungwa mapema, Sabato inapoingia.

Hodan akasukuma sanduku kando kupisha njia.

"Karibu ndani, mzee," akasema.

Omanga alikataa, kwa sababu viatu vyake vilikuwa na matope na hakutaka kumchafulia nyumba.