Simu Iliyohesabu Askari

Simu yangu ina programu ya sataranji inayojiona profesa. Ukiiwekea mchezo inakupa namba ya kuonyesha nani anaongoza, na mjinga anaiamini namba. Mwaka huu mjinga huyo nilikuwa mimi.

Siku za soko huwa tunacheza hapa mjini Masii, kwenye baraza ya mashine ya kusaga. Usagaji ukiisha mwenye mashine anafunga, na mchezo ambao haujamalizika huamuliwa na mzee aliyekaa pembeni. Siku hiyo nilikaa mimi. Fundi wa nguo, mama mjane, alikuwa akigombea na mwuza nyama nafasi ya mwisho katika timu yetu ya kwenda Machakos mjini. Mama hakuwahi kuchaguliwa hata mara moja. Sare ingemtosha.

Usagaji ulipoisha, ubaoni walibaki wafalme wawili na askari mmoja wa mwuza nyama. Mfalme wa mama alikuwa amesimama mbele ya askari huyo, mfalme wa mwuza nyama nyuma ya askari. Niliuingiza mchezo simuni.

"Mzee, simu inasemaje?" mwuza nyama akauliza.

"Unaongoza kwa moja na nusu."

"Mwaitu, mama yangu, umesikia? Kashone."

"Basi mwambie huyo simu aje apitishe askari," mama akasema. "Mimi narudi nyuma moja kwa moja. Atapitia wapi?"

Jambo hilo, kwamba mfalme akirudi hivyo mchezo huishia sare, nililijua tangu sekondari. Lakini niliona aibu kubishana na simu, nikampa mwuza nyama ushindi.

Asubuhi nilipanga mchezo ule ule simuni, nikashika upande wa mama, nikawa narudisha mfalme nyuma tu. Kila askari aliposogea simu ilizidi kufurahi: mbili, kisha tatu. Upuuzi mtupu. Inahesabu askari na hatua zilizobaki mpaka mstari wa mwisho, kama mtu anayeuza mahindi kabla ya mvua. Kwamba njia imezibwa, haina habari. Mwishowe mfalme wangu akakosa pa kwenda, wala hajashambuliwa, na profesa akaandika: sare.

Nikaenda kwa mwuza nyama kumwambia mchezo ulikuwa sare. Aliendelea kukata mifupa.

"Uliamua, mzee. Jina langu limeshapelekwa."

Nikaenda kwa mama, nikamweleza yote. Hakusimamisha cherehani.

"Umekuja kuniambia nilichokuambia?"

"Nimekuja kusema nilikosea."

"Sawa. Soko lijalo nitacheza. Ila aamue mtu mwingine."