Mashine Mbili na Mfuniko wa Haidari

Siku ya tisa bila maji, Haidari fundi bomba alikuwa ameshachimba mashimo saba mtaani kwao Kibiti, na kuku wawili walishatumbukia. Koki ya kufungulia maji ilikuwa chini ya mfuniko wa chuma, na mfuniko ulikuwa chini ya kifusi kilichoachwa na greda. Haidari aliapa anakumbuka ulipo. Kamati ya maji ikamwambia asipoupata kabla ya alasiri, ataletwa fundi kutoka mji jirani wa Ikwiriri. Bora wangemtukana.

Muuzaji mmoja akaleta mashine mbili za kutafutia vyuma vilivyofukiwa, kamati ijaribu, ichague moja. Ya kwanza ilikuwa na sahani pana kama ungo, ikilia kwa kila kitu, shaba, hata kipande cha sufuria. Haidari akaipenda papo hapo. Ilipofika mlangoni kwa Bi Ashura ikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Haidari akainua jembe. Bi Ashura akatandika mkeka pale pale, akaketi.

"Mama, nyanyuka kidogo. Huenda mfuniko uko hapo."

"Mwanangu, mimi napunga upepo."

Upepo haukuwapo. Kila mtu alijua ni fingo, ile kinga ya shaba inayofukiwa kizingitini ili wachawi wapite mbali, na kila mtu alishamwapia shehe kwamba kwake haipo. Kufumba na kufumbua, mtaa mzima umeketi vizingitini, unapunga upepo.

Haidari akashika ya pili, fimbo nyembamba inayosikia kile tu kinachonaswa na sumaku, chuma na si shaba. Ikapita kwa Bi Ashura kimya. Ikapita vizingiti kumi kimya, hadi watu wakaanza kuiamkia. Ikaja kulia chini ya kigoda cha Mzee Bushiri, mwenyekiti wa kamati, aliyeketi mlangoni kwake kama wengine. Akasingizia misumari ya kobazi zake. Akavua kobazi, ikalia. Akasingizia kigoda. Kikaondolewa, ikalia. Akabaki pekupeku, jasho linamtoka.

"Haidari," akanong'ona, "ukikuta kitu kingine, fukia bila kuangalia."

Jembe likagonga mfuniko. Maji yakatoka kabla ya adhana ya alasiri.

Wakati wa kuchagua, Haidari alieleza vizuri habari za sumaku na mabomba ya chuma. Hakuna aliyemsikiliza, mikono yote ilikuwa juu kwa ajili ya fimbo. Nasma, katibu, akaandika sababu kwenye muhtasari: imechaguliwa kwa kuwa haina umbea.