Ng'ombe Aliyenenepa Hachomwi Sindano

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja hapa Korogwe, sikugusa darubini. Mkuu wa Maabara alinipa ndoo na klorini nisugue meza. Nilinuna, maana nilitoka chuoni nikijiona nimeiva. Nilipomaliza ndipo akaniketisha, akanifundisha jambo nililolitumia mpaka nastaafu.

Kirusi cha mafua, alisema, ni mgeni: kinakuja, kinasumbua, kinaondoka. "Lakini hivi vya ukoo wa retrovirusi, mwanangu, vinahamia kabisa."

Namna vinavyohamia ni hii. Kirusi cha UKIMWI hushika seli nyeupe za damu, wale askari wa mwili, kikaingia ndani. Maelekezo yake yako katika RNA. Kimeng'enya chake huyageuza kuwa DNA, kisha yakapachikwa katikati ya vinasaba vya seli yenyewe. Tangu hapo seli inakizalia virusi vingine, askari wanapungua, na kifua kikuu na wenzake wanapata njia. Ng'ombe nao wana retrovirusi yao, inayoweza kuwaletea saratani ya damu. Hiyo haijulikani kutuambukiza sisi. Dawa za kufubaza huzuia virusi kuzaliana, ila kilichokwisha kupachikwa haziking'oi. Ndiyo maana zinamezwa kila siku.

Baadaye nilihamishiwa Handeni, kituo cha afya cha upande wa wafugaji. Huko nilikutana na Lembris na mkewe, Nashipai. Majina nimeyabadili. Nashipai alianza dawa za kufubaza akiwa amekonda, akanenepa, akashika mimba. Vidonge alivitunza mumewe pamoja na dawa za mifugo, na alipoona mke amependeza akaacha kumpa. Hakuficha. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, alipomuuliza, alijibu kwa utulivu:

"Daktari, ng'ombe akishanenepa humchomi sindano."

Nilikasirika. Mganga Mfawidhi akanituliza, akasema huyu bwana hana ubaya, anafuga mke kama anavyofuga mali yake. Wallahi sikujua nicheke au nilie. Sampuli ya damu ya Nashipai tuliyoipeleka mkoani ilionyesha virusi tele, na uzazi ulikuwa umekaribia. Tukamrudishia mama dawa, na mtoto alipozaliwa tukamwanzishia dawa ya maji ya kumkinga. Tukabaki kuomba Mungu.

Kipimo cha haraka hakitoshi kwa mtoto mchanga, kwa sababu kinasoma kingamwili alizopewa na mama yake. Unamtoboa kisigino, unadondosha damu kwenye karatasi maalumu, unaianika ikauke, kisha inakwenda maabara kubwa kutafutwa vinasaba vya kirusi chenyewe. Majibu yakaja: vimo. Lembris aliniuliza kama tunaweza kuvitoa. Nikamwambia hapana. Alitoka nje akakaa na fimbo yake mpaka jua likazama, nami nikaendelea kuosha vifaa kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha.

Sasa niko kwangu Manundu, hapahapa Korogwe, nalima mchicha na kugombana na kuku wa jirani. Ninyi vijana mna mashine zinazotoa majibu chai haijapoa, shukuruni. Ila mkimpa mtu dawa, muulizeni kwanza kwao ugonjwa huhesabiwa umepona lini. Sisi hatukuuliza.

Juzi Lembris alinitembelea na watoto wake wawili. Mkubwa ni yule tuliyemtoboa kisigino, msichana aitwaye Nasieku, yuko shule na afya yake njema. Mdogo alizaliwa mama akimeza dawa bila kukosa, naye hana virusi. Ilipofika saa ya dawa, Nasieku akanigeukia.

"Bibi, mbona mimi nameza na huyu hamezi?"

Nikafungua mdomo nimjibu kitaalamu. Lembris akanizuia kwa mkono.

"Ulipokuwa tumboni nilimnyima mama yako dawa," akasema. "Ni mimi, mwanangu."

Nasieku akatia kidonge kiganjani. Kisha akamwomba baba yake maji ya kumezea, na yule mzee akainuka mbio kuyafuata.