Jicho la Anayepigwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliondoka kabla maduka ya Ndia Kuu hayajafunguliwa, nimebeba kanzu moja, kikoi kimoja na mandazi yaliyofungwa kwa gazeti, nikashika njia ya feri ya Likoni. Niendako sikukujua. Walionijua walidhani ni desturi yangu, maana shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sikutulia mahali. Lakini siku hiyo sikuwa nazurura. Nilikuwa namkimbia Mutua.

Mutua alikuwa mtu wa bara, karani wa bandarini, mrefu, mwepesi wa kucheka. Mimi na yeye tulikuwa tukipigana mbele za watu, katika michezo ya kuigiza, na mara mbili katika filamu. Aliyetupangia mapigano alikuwa Fundi Shee, seremala wa Mji wa Kale aliyecheza kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa harusini, tangu ujana wake. Nilimwendea kwa udadisi tu, nimuulize vipi fimbo zagongana na mtu asiumie. Nikakaa miaka miwili. Sikuwahi kukaa popote hivyo.

Jambo moja alilishikilia kuliko yote. Kabla ya kila pigo unamtazama mwenzako machoni, unangoja naye akutazame. Akikupa jicho, ndipo fimbo ishuke. Asipokupa, hushushi, hata ukumbi mzima ukikungoja.

"Yakhe, wewe hupigi," akinambia nikifanya pupa. "Wewe waomba ruhusa. Mwenye pigano ni yule apigwaye."

"Fundi, huyu hata chai haombi," Mutua akidakia. "Anajimiminia."

Alasiri moja tulicheza mtaa wa Kizingo, ukumbi umefurika. Kila pigo watu walishangilia, wakaanza kuliita jina langu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye pigo la mwisho Mutua alikuwa angali akiuweka mguu sawa, macho ameyainamisha. Mimi nilikuwa nawatazama watu. Sikumngoja. Fimbo ikampata vidoleni, nikausikia mfupa.

Alichofanya Mutua kinaniuma hadi leo. Hakulia. Alianguka palepale tulipopanga, akaulalia ule mkono kama maiti, ili mchezo usiharibike. Watu wakasimama kupiga makofi. Sijapigiwa tena makofi kama yale.

Nyuma ya pazia Fundi Shee alimfunga vidole kwa leso. Hakunifokea.

"Wameshangilia kosa," akasema. "Kesho asubuhi nenda kwake. Huyu kazi yake ni kuandika, na mkono wake ndio huo. Kaa naye, uwe mkono wake mpaka upone."

"Nitamwambia nini, Fundi?"

"Sikukutuma kusema. Nimekutuma kukaa."

Mutua, jasho likimtiririka, akajaribu kutabasamu. "Njoo na mandazi, muuaji."

Basi alfajiri yake mandazi nilinunua. Nikafika pembe ya mtaa wake, nikaona dirisha lake liko wazi, ananingoja. Miguu ikageuka, ikashika njia ya feri.

Jioni nilijikuta Vanga, mpakani. Mjane mmoja, Bi Mwanasha, alinipa chumba chenye kitanda cha kamba, akaniletea chai. Nikanyoosha mkono huku natazama sakafu. Hakukiachia kikombe.

"Nitazame kwanza, mwanangu, nisije nikakuunguza."

Nikamtazama. Ndipo akakiachia. Kisha akaliona lile gazeti. "Na mandazi haya yaliyopoa, wamchukulia nani?"

Chai ile sikuinywa.

Niliporudi Mombasa mvua mbili zilikuwa zimepita. Fundi Shee alikuwa ametangulia mbele ya haki, na Mutua amehamishiwa bara. Mji gani, hakuna aliyejua. Nimetembea miji mingi tangu hapo, na udadisi wangu wote umebaki swali moja: vidole vile vilipona? Nikimwona mtu mrefu akiandika kwa mkono wa kushoto, hupunguza mwendo.

Sasa umenijia na simu yako ya kupigia picha, wataka niwapangie pigano la filamu yenu. Nitawapangia, mwanangu. Ila sikia haya kwanza. Mngoje mwenzako akupe jicho, jukwaani na nyumbani pia, hata kelele za watu zikuharakishe vipi. Na siku utakapomuumiza mtu, kwani utamuumiza, usiende kutafuta maneno, wala usiipe aibu nafasi ya kukuchagulia njia. Nenda ukakae naye. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyelowa aweza kufutwa.

Mungu akupe mkono mpole na jicho la subira. Akupe na rafiki wa kukutania hata katika maumivu yake, na akufikishe mlangoni kwake mandazi yakiwa bado moto. Amin.